Sikio la Ploti

Mashine ya kusaga mahindi pale Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale, haikuwa na adabu. Ikishaanza kunguruma asubuhi haikumpa mtu nafasi ya kuongea mpaka dizeli iishe au jua lichoke. Wateja waliongea na Kipketer, mwendesha mashine, kwa mikono: vidole vikisuguana ni saga laini, ngumi ni acha na makapi yake. Alikuwa ameishi na mashine hiyo tangu akiwa kijana asiye na ndevu. Kufikia mwaka wa themanini na nane alikuwa baba wa watoto wakubwa, na mvi zake zilijificha vizuri ndani ya unga. Kelele zilikuwa zimemwingia kiasi kwamba hata mashine ikizimwa, yeye aliendelea kuisikia. Alirudi nayo nyumbani, akala nayo, akalala nayo. Mkewe, Chepkemei, ilibidi amguse bega ndipo ajue chai iko tayari.

Huyu ndiye mtu ambaye ploti nzima iliyaamini masikio yake. Cheka ukitaka.

Ploti yenyewe ilikuwa mistari miwili ya vyumba vya mabati vilivyotazamana, mfereji mmoja katikati, na bafu la paa fupi pembeni. Wapangaji walitoka kila mahali. Kipketer na wachache wengine walitoka mteremko wa Elgon, wengine Bungoma, wengine hawakusema walikotoka na hawakuulizwa. Redio ilikuwa moja, ya Kipketer, aliyoinunua mwaka ambao mahindi yalikubali. Lakini mawe ya redio, zile betri, yalikuwa ya watu wote. Kila nyumba ilitoa yake kwa zamu, na yakianza kuchoka yaliwekwa juu ya paa la bafu yaote jua, yapate nguvu ya jioni moja zaidi.

Aliyeyapanga juani na kuyageuza alikuwa Nasambu, jirani wa mlango wa kutazamana. Alikaanga mandazi alfajiri na kuyamaliza kabla jua halijawa kali, kwa hivyo mchana alikuwa nyumbani. Mawe yake mwenyewe aliyatia alama ya rangi nyekundu ya kucha, yasije yakapotelea kwa watu wavivu. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye maneno mengi. Kwao kulikuwa Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, na huko alikuwa amemwacha mama yake mzee, mgonjwa wa kifua, akikaa na ndugu yake Nyongesa.

Nia ya mawe hayo yote ilikuwa moja: matangazo ya vifo. Siku hizo simu ilikuwa kitu cha posta na cha ofisi za wakubwa. Mtu akifariki Bungoma na jamaa yake akiwa Kitale, waliofiwa walipeleka jina redioni, na jioni, salamu za wasikilizaji zikiisha, mtangazaji alishusha sauti akaanza kusoma: kwa majonzi tunatangaza kifo cha fulani, habari zimfikie fulani popote alipo. Wapangaji walikuja na vigoda vyao wakakaa mlangoni pa Kipketer. Matangazo yakiisha bila jina la kwao, walishusha pumzi wakaenda kupika.

Kisha panya wakaharibu mambo. Walikuja wakifuata unga kwenye nguo za Kipketer, na walipomaliza unga wakahamia kwenye redio, wakala karatasi ya spika. Kilichobaki kilikuwa mkoromo. Jioni ya kwanza watu walisikia mtu amekufa lakini hawakusikia ni nani, na hakuna aliyelala vizuri.

Kipketer akaibeba redio mjini kwa Wabwile, fundi aliyekuwa na meza karibu na soko la Kitale. Nasambu akaandamana naye, maana siku hizo habari za kifua cha mama yake hazikuwa nzuri na hakutaka redio ikae kwa fundi hata kidogo. Wabwile akafungua kifuniko, akapuliza mavi ya panya, akacheka.

"Spika imekwisha, mzee. Kupata ingine mpaka mtu aende Nairobi. Lakini hii redio iko na shimo ya iafoni hapa kando. Utasikia peke yako, lakini si utasikia?"

Akamimina mezani vidude vya kuchomeka masikioni, nyaya zimesokotana, akaanza kuvitenganisha kimoja kimoja. Ya kwanza ilikuwa ya sikio moja, ya plastiki ngumu, rangi ya jino. Kipketer akaichomeka. Sauti ya mtangazaji ilikuja wazi kama mtu aliyekaa ng'ambo ya meza, lakini ukingo wake uliuma, na kupitia sikio la pili, lililobaki wazi, mashine ya Kibomet iliendelea kunguruma ndani ya kichwa. Akaitoa akasugua sikio. Nasambu akaichukua, akaifuta kwa leso, akajaribu.

"Hii inasema wazi," akasema. "Hata jina ya baba ya mtu nimeshika."

Ya pili ilikuwa ya masikio mawili, lakini ilikuwa kubwa, ikianguka kila mara mtu akigeuza shingo, na sauti yake ilikuwa ya nyigu ndani ya kopo. Ya tatu Wabwile aliitoa kwenye droo, si mezani. Ilikuwa na vichwa viwili vidogo, kila kimoja kimevikwa sifongo laini nyeusi. Akasema amebadilisha waya kwenye pini yake ili ilie pande zote mbili hata kwa redio ya kawaida.

Kipketer akaviingiza. Wabwile akazungusha kitufe akitafuta stesheni, akaangukia moja ya ng'ambo ya mpaka iliyopenda kupiga magita ya Zaire. Kila uzi wa gita ulisikika peke yake. Besi ilipita chini kwa chini, taratibu, kama mtu anayetembea nyumba ya pili. Sifongo ilikaa sikioni bila kuuma, na kubwa kuliko yote, mashine ilizima. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kichwa cha Kipketer kilikuwa kimya, na ndani ya kimya hicho kulikuwa na muziki. Machozi yalimlengalenga, akajifanya ni unga.

Nasambu naye akajaribu, Wabwile akimrudishia idhaa ya taifa. Akakunja uso.

"Hii sauti ya mtu iko ndani ndani, ni kama anaongea na blanketi kwa mdomo. Baba Cherono, chukua ile ngumu. Si tunataka kusikia majina?" Alimwita hivyo kwa jina la binti wa kwanza wa Kipketer, kama ploti yote ilivyomwita, naye Nasambu waliita Mama Nakhungu kwa jina la bintiye.

"Ile inauma."

"Inauma kidogo tu."

"Sikio ni langu, Mama Nakhungu."

Sikio la kufa halisikii dawa. Akanunua ya sifongo. Nasambu hakununa, hakuwa mtu wa kununa. Njiani kurudi Kibomet alimwambia, "Basi sasa wewe ndio sikio yangu. Mama akienda, ni wewe utaniambia." Kipketer akamjibu asiwe na wasiwasi, na wakati huo alisema kweli.

Ikawa jioni matangazo yakianza, Kipketer anakaa kwenye kigoda mlangoni, waya umening'inia kifuani, na watu wanamzunguka wakimtazama uso. Akiinua mkono, wote wananyamaza. Kisha anatoa sifongo na kurudia maneno kwa sauti yake, polepole, pamoja na "kwa majonzi" na "habari zimfikie", hakuacha kitu. Wakati mmoja alimtangazia kijana wa chumba cha mwisho kifo cha babu yake huko kijiji cha Kwanza kwa uzito hata watu wakasema huyu angefaa kuajiriwa. Wakampa jina: Sikio la Ploti. Mtu aliyezoea kuambiwa kwa ngumi aache makapi, jina kama hilo linamwingia. Alianza kunawa uso kabla ya kuketi.

Lakini waliokufa walikuwa wengi, na wengi walikuwa wa mbali. Machakos, Kisii, Kilifi, majina ambayo hapakuwa na mtu wa kuyalilia pale mlangoni. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Jioni moja, kati ya marehemu na marehemu, kidole cha Kipketer kikasogeza kitufe kidogo tu, na magita yakaingia. Akasikiliza kipande, akarudi. Hakuna aliyejua. Watu walimtazama wakaona mtu aliyefumba macho kwa makini. Mwonja asali haonji mara moja. Juma lile alionja tena, na juma lililofuata, na kila mara alikaa huko kidogo zaidi. Akirudi, mtangazaji anaaga. Watu wakiuliza, anasema, "Hakuna." Na kweli, hakuna aliyekuja kumwambia kwamba kulikuwa na kitu.

Alhamisi moja ya mvua ndefu alirudi akiwa hoi. Watu walikuwa wameleta magunia ya mwisho ya ghalani na mashine ilikuwa imepiga kelele tangu asubuhi. Nasambu alikuwa ameyaanika mawe yake juani kabla ya wingu, akamkabidhi Kipketer bado yana joto.

"Leo unisikilizie vizuri," akamwambia. "Mtu ya Bungoma alisema mama amekataa uji."

Akaahidi. Akakaa. Salamu zikaisha, mtangazaji akashusha sauti, akaanza na mtu wa Nyeri. Baadaye mtu wa Taita. Kichwani mashine ilikuwa ikimsaga. Akajiambia: nusu ya wimbo tu, nitarudi. Akasogeza kitufe. Lo, siku hiyo walikuwa wamepiga gita likalia, na mashine ikazima, na yeye akafumba macho. Wimbo ulikuwa mrefu, wa kupanda na kushuka. Ulipoisha ukaanza mwingine. Alipokumbuka kurudi, idhaa ya taifa ilikuwa inapiga kengele ya taarifa ya habari.

Nasambu alikuwa amesimama mbele yake, mikono ndani ya leso. "Hakuna kitu ya kwetu?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Angesema "sikusikia vizuri", angesema "nilisinzia", na Nasambu angepanda gari kesho yake. Ulimi ukaenda njia uliyoizoea.

"Hakuna."

"Asante Baba Cherono," akasema, akaenda kuosha masufuria akiimba.

Ijumaa alikaa tena na moyo mzito, akaapa hatasogeza kitu. Alisikiliza wa kwanza, wa pili. Kisha akajiambia kwamba kama mama wa watu angekuwa amekufa, wangemtangaza jana, na kama hawakumtangaza jana, basi yuko hai. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu anayetaka kwenda anakotaka kwenda. Akasogeza. Na akasema "Hakuna" tena, safari hii bila hata kusubiri kuulizwa.

Jumapili Nasambu alitoka kanisani akapitia sokoni. Mwanamke mmoja wa Kibabii aliyekuja kuuza ndizi akamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia, "Pole kwa mama. Mbona jana hatukukuona?"

Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Cha mama yake Nasambu kilikuwa kimeanza, kikaingiliwa na wa mbali, kikaisha, na mfiwa alikuwa Kibomet akikaanga mandazi. Alirudi ploti akitembea kama mtu mwenye ndoo kichwani. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwa Kipketer, ambaye alikuwa amekaa nje akinyoa ndevu.

"Baba Cherono, mama alizikwa jana. Si ulisema hakuna?"

Chepkemei akaweka chini sufuria. Majirani wakatoka. Kipketer aliuona wembe mkononi mwake na hakujua ni wa nini. Alitaka kusema. Hilo alilijua hadi kufa kwake, kwamba alitaka. Lakini macho yalikuwa mengi, na jina lile, Sikio la Ploti, lilikuwa limeketi begani pake mbele ya watu wote.

"Hakuna," akasema. "Hakukutangazwa kitu."

Nasambu akaitika kwa kichwa, akaingia ndani kufunga nguo.

Aliporudi kutoka Kibabii alikuwa amenyolewa nywele na sauti imekauka. Akawaeleza Kipketer na mkewe, akiwa amekaa kwao na kikombe ambacho hakukinywa. Alikuta udongo umeshatulia. Nyongesa alimwapia kwamba walitangaza jioni mbili, Alhamisi na Ijumaa, na kwamba maiti ilingoja njiani mpaka jua likageuka wakimtazamia. "Nikamwambia wachana na mimi. Nikamwambia kwetu Kitale iko mtu anasikiliza redio kila jioni na hawezi kunidanganya. Hii pesa ya kutangaza mlikunywa. Nikamwambia mbele ya watu. Sasa si ndugu yangu."

Kipketer alisikia kila neno. Mashine iliyomfuata miaka yote ikamkimbia jioni hiyo, ikamwacha asikie vizuri kabisa.

Tangu hapo hakuvaa tena iafoni. Alizitundika msumarini nyuma ya mlango. Alimsumbua Wabwile mpaka spika ikapatikana, na redio ikawekwa juu ya meza nje, sauti hadi mwisho. Alimsagia Nasambu mahindi bila kuchukua kitu, akapeleka mfuko wa unga kwa Nakhungu, binti wa Nasambu, alipojifungua. Watu wakamsifu. Kila sifa ilimchoma. Nasambu mwenyewe ndiye alikuwa mbaya kuliko wote, maana alimshukuru kwa moyo, na mchana alipanda kwenye kiti akageuza mawe yake mekundu juani kama kawaida. Kipketer akiyaona pale juu ya paa la bafu, alitafuta njia nyingine ya kwenda kuoga.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Ya Kipketer haikuwa fupi. Ilipita palizi, ikapita mahindi mabichi, ikafika mavuno.

Mavuno yakiwa yamepamba moto, Nyongesa akatokea langoni. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye koti la kanisani, amebeba kifurushi kilichofungwa kwa kitenge. Akaamkua watu wote. Nasambu akabaki mlangoni pake, hakumkaribisha ndani.

"Dada, ni blanketi ya mama. Alisema ni yako. Sikutaka nitume mtu."

"Nitapokea kitu ya mama kwa mkono ya mwongo?"

"Dada, tulitangaza."

"Rudi nayo."

Nyongesa hakubishana. Aliangalia kifurushi, akakipangusa vumbi ambalo halikuwapo. Alipokuwa akitoka alipita mbele ya Kipketer, akampa mkono kwa heshima. "Wewe ndio mzee wa redio? Asante kwa kuangalia dada yetu." Akaenda zake na blanketi kwapani. Kipketer alibaki na mkono wake hewani.

Chepkemei alingoja mpaka watu waondoke. Alikuwa akichambua maharagwe na hakuinua macho.

"Ile Alhamisi nilikuwa nakuangalia," akasema kwa Kikalenjin, lugha yao ya nyumbani. "Kidole cha mguu wako kilikuwa kinapiga chini. Matangazo ya vifo hayana ngoma."

"Ulijua?"

"Nimekuwa nikingoja ukaseme mwenyewe. Sasa nimechoka kungoja."

Jioni ile, kabla ya saa ya matangazo, Kipketer akatoa iafoni msumarini, akazipuliza unga, akachukua redio akavuka uwanja. Nasambu alikuwa amekaa kwenye kigoda akikanda unga wa mandazi ya kesho, mikono myeupe hadi viwiko. Akamwambia asiinuke. Akachuchumaa, akamwekea sifongo sikio la kulia na la kushoto, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na unga. Akachomeka pini. Idhaa ya taifa ilikuwa imeanza kusoma.

Nasambu akamtazama kwa hofu. "Nani amekufa?"

Kipketer akamwacha asikie marehemu wa kwanza, ili ajue ni saa gani hiyo. Kisha akaweka kidole juu ya kitufe, mbele ya macho yake, akasogeza.

Uso wa Nasambu ukakunjika, ukingoja jina. Jina halikuja. Yalikuja magita. Akageuka kumtazama Kipketer.

"Nini hii?"

"Hii ndio nilikuwa nasikiliza," akasema. "Alhamisi. Ijumaa pia. Ndugu yako alitangaza, Mama Nakhungu. Ni mimi sikusikia. Nilikuwa huku."

Alitarajia unga usoni. Alitarajia mayowe, ploti nzima itoke, na angeshukuru. Nasambu alikaa vilevile. Vidole vyake vilikuwa bado ndani ya karai, havikandi. Aliusikiliza wimbo. Ulipanda, ukashuka, gita likalia peke yake, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, macho yakiwa kwa Kipketer, machozi yakishuka bila yeye kuyapangusa.

"Ni tamu," akasema. "Ni tamu kweli."

Akanawa mikono. Akatoa sifongo masikioni, moja, nyingine, akazirudisha mkononi mwa Kipketer. Akaigeuza redio, akafungua mgongo wake, akatoa mawe mawili ya alama nyekundu. Wimbo ukakatika. Akayatia ndani ya leso, akaifunga fundo, akaendelea na unga wake.

Kesho yake mlango wake ulikuwa na kufuli. Alirudi kutoka Kibabii akiwa na blanketi, na Nyongesa alimsindikiza mpaka langoni. Aliwaambia watu wa ploti yaliyotokea, kwa sauti ya kawaida, mara moja tu, na jina la Sikio la Ploti likafa bila kutangazwa. Aliendelea kumsalimu Kipketer. Aliendelea kuleta mahindi mashineni, akalipa kama mteja yeyote. Lakini hakumwuliza tena jambo lolote. Ungedhani ni kitu kidogo, kuulizwa. Kipketer alikingoja miaka.

Mashine ikamaliza kazi yake. Kufikia katikati ya miaka ya tisini masikio yalikuwa yamekufa, la kushoto lote, la kulia likabaki na tundu dogo la kupitisha neno kama mtu akiliinamia na kupaza sauti. Alikaa nje jioni na wengine, akitazama midomo. Wakati huo Nasambu alikuwa na redio yake.

Jioni moja Chepkemei alikuwa ameenda kijiji cha Kwanza kumwona binti yao Cherono. Matangazo yakaanza. Kipketer alimwona Nasambu, ng'ambo ya uwanja, akiinua kichwa ghafla, kisha akikaa bila kutikisika mpaka mwisho. Akamwona akiinuka. Akavuka uwanja, mzito sasa, mwenye goti bovu, akapita mfereji, akaja akasimama kando yake. Nasambu akashika kiti chake, akainama mpaka pumzi yake ikamgusa sikio la kulia.

"Kwa majonzi makubwa," akasema, kwa nguvu, polepole, "tunatangaza kifo cha Mama Chesang wa Cheptais."

Mama Chesang alikuwa dada mkubwa wa Kipketer, aliyemlea. Nasambu hakuishia hapo. Akamsomea yote: ugonjwa, mume, watoto mmoja baada ya mwingine, mazishi ni Jumamosi, habari zimfikie ndugu yake Kipketer popote alipo. Hakuacha neno. Kisha akasimama wima, akamwekea mkono begani, akarudi kwake.

Jumamosi Kipketer alifika Cheptais mapema. Jamaa walipoitwa kutupa udongo, alichota konzi akaitupa juu ya jeneza la dada yake, na watu wakampisha arudi nyuma. Hakurudi. Aliinama akachota ya pili. Mpwa wake akamshika mkono, akidhani mzee amechanganyikiwa na kilio.

"Hii ni ya mama mmoja wa Kibabii," Kipketer akasema, na kwa kuwa hakuisikia sauti yake mwenyewe, alisema kwa nguvu, watu wote waliokuwa kaburini wakasikia.